Jedwali kwanza au sentensi za nyumbani kwanza? Njia mbili za kujifunza simpo prezenti, kwa tunaoanzia Kigoma

Nilikuwa nimesimama Ujiji, si mbali na penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, nasubiri daladala ya kurudi mjini. Mgeni mmoja mzee, kofia pana na kamera shingoni, akanisogelea. Tukasalimiana vizuri, kisha akaniuliza: “What do you do?” Nikamjibu bila kusita: “I am waiting for a daladala.” Akatabasamu, akasema “Oh, good,” akaenda zake. Nikabaki najipongeza kwamba leo nimezungumza na Mzungu na tumeelewana. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo nikajua kuwa yule mzee alitaka kujua kazi yangu, nami nikamweleza shughuli ya dakika ile.

Maneno yote ya swali lake nilikuwa nayajua. Kilichonipiga chenga ni wakati. Kwetu “unafanya nini?” linamtosha anayeulizia riziki yako, na linamtosha pia anayekukuta umeinama chini ya meza. Mwingereza ameyatenga: “What do you do?” ni la riziki na mazoea, “What are you doing?” ni la sasa hivi. Hilo la kwanza ndilo simpo prezenti, na ndilo somo ambalo karibu kila anayeanza Kiingereza hulikuta mlangoni.

Mimi nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa jedwali, kwenye tuisheni ya jioni. Mara ya pili kwa daftari langu mwenyewe, nikiandika habari za watu wa nyumbani. Na sasa nimejikuta nasaidia watu wawili: mpwa wangu aliyemaliza darasa la saba na anasubiri kidato cha kwanza, na jirani yangu, mama mtu mzima, anayeuza dagaa wa Kibirizi na kupata mara mojamoja wateja wa Zambia wanaopanda na ziwa kutoka Mpulungu. Kila mmoja kwa wakati wake aliniuliza swali lilelile: tuanze wapi? Sikuwapa jibu moja.

Kabla ya njia, jiwe lenyewe

Chukua sentensi hii: “Jirani yangu anauza dagaa.” Ukimwambia mtu aliye mbali, ataelewa kuwa hiyo ndiyo kazi ya jirani. Ukiitamka huku unamwonyesha kwa kidole, atajua kuwa yuko mezani sasa hivi anapima. Ile -na- imebeba yote mawili na hakuna aliyewahi kulalamika. Kiingereza hakikubali. Kazi yake ni “She sells dagaa.” Yuko mezani, “She is selling dagaa.”

Bahati nzuri tunayo hu-. “Jirani yangu huuza dagaa” haiwezi kuwa habari ya dakika hii, ni mazoea tu. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, pitia hapa kwanza: kabla hujatamka kitenzi cha Kiingereza, jiulize kama kwa Kiswahili ungeweza kukitia hu-. Ikikubali, uko kwenye simpo prezenti. Wavuvi huvua usiku: “The fishermen fish at night.” Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na Lukuga hutoka kwa upande wa Kongo: “The Malagarasi flows into the lake. The Lukuga flows out of it.” Treni ya kwenda Dar es Salaam hupita Uvinza, Kaliua na Tabora: “The train goes through Uvinza, Kaliua and Tabora.” Sijawahi kuona kitabu cha shule kikianza na kipimo hiki, na sijui kwa nini tunajinyima kitu tulichozaliwa nacho.

Kipimo kinapwaya sehemu mbili. Ya kwanza ni vile vitenzi vya moyoni: kujua, kupenda, kutaka, kuwa na kitu. Hatusemi “mimi hujua jina lake,” tunasema najua. Mwanafunzi anaona -na-, anakimbilia umbo la sasa hivi, anatoa “I am knowing his name” au ile maarufu zaidi mitaani kwetu, “I am having two children.” Kiingereza kinavihesabu vitenzi hivi kuwa hali iliyotulia, si tendo linaloendelea: “I know his name,” “I have two children.” Hivi vichache vikariri tu, havina ujanja.

Ya pili ni nzito. Hu- haina ukanushi wake. “Huuza” ukiikanusha inakuwa “hauzi,” na “anauza” nayo inakuwa “hauzi.” Mito miwili inaingia mfereji mmoja. Kila aliyekulia ufukweni hapa anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu na mitumbwi hupumzika. Sasa mtu akisema “wavuvi hawaendi ziwani,” amesema habari ya leo kwa sababu ya upepo, au habari ya kila mbalamwezi? Sisi tunajua kwa mazingira. Mwingereza anataka uchague: “They are not going out tonight,” au “They don't go out when the moon is bright.” Hapa ndipo wanafunzi wengi huzama, hata wale ambao sentensi za kukubali wanazitoa vizuri. Usishangae ukanushi ukikuchosha kuliko ulivyotarajia.

Tena tusijione wa pekee. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kalemie na Uvira, wenye Kifaransa cha shule, hujikwaa mahali hapohapo, maana “je vends” ya Kifaransa nayo ni nauza ya kila siku na nauza ya sasa hivi.

Njia ya jedwali

Hii tunaijua wote. Mwalimu anachora ubaoni, darasa linaimba: I sell, you sell, he sells, she sells, it sells, we sell, you sell, they sell. Chini yake don't na doesn't. Chini yake tena do na does. Unanakili kwenye kaunta buku, unapigia mstari mwekundu.

Nitaitetea kidogo, kwa sababu siku hizi imekuwa mtindo kuibeza. Jedwali linakuonyesha nyumba nzima kwa mara moja. Jioni mbili zinatosha kuona kwamba Kiingereza ni kivivu mno kwenye wakati huu: watu wote wanatumia neno moja, isipokuwa mmoja asiyekuwepo kwenye mazungumzo, yeye au hicho. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno kwa kila mtu, ninauza, unauza, anauza, tunauza. Wao wanagusa mkia, na wanaugusa mara moja tu. Mtu akikuonyesha hilo kwa mchoro unashusha pumzi.

Pia tahajia huwezi kuidaka vizuri bila jedwali. “Go” inakuwa “goes,” “wash” inakuwa “washes,” “fix” inakuwa “fixes.” “Carry” inageuza y yake na kuwa “carries,” lakini “play” inabaki na y, “plays,” kwa kuwa kabla ya y kuna irabu. Kwa masikio tu hutayapata haya, na mtihani hauna huruma nayo.

Kasoro zake nimezionja mwenyewe. Kwanza, mkia ule -s unakaa mstari mmoja tu wa wimbo mrefu. Ukikariri kwa mpangilio, akili inazoea kupanda ngazi kuanzia “I.” Mteja akikuuliza dada yako anafanya nini, huna muda wa kushuka ngazi moja moja hadi umfikie “she.” Nilikuwa naweza kuliimba jedwali zima nimefumba macho, lakini nikitoka nje ya geti la tuisheni nasema “my sister live in Kasulu.”

Pili, majedwali mengi yana viwakilishi tu, he, she, they. Hayana watu. Maishani hatusemi “yeye” kutwa nzima, tunasema mama, kaka zangu, watoto wa jirani. Hapo ndipo -s inapofanya fujo ambayo jedwali halikukuambia. Kwenye majina, -s ni ya wengi: boy, boys. Kwenye kitenzi, -s ni ya mmoja. Mwanafunzi ambaye ameshazoea kuwa -s maana yake wingi ataandika “my brothers sells,” na kwake ni sawa kabisa: watu ni wengi, kila neno lipate s yake. Sawa ni “my brother sells” na “my brothers sell.” Mara nyingi s ni moja, ikikaa kwenye jina inatoka kwenye kitenzi. Nasema mara nyingi kwa sababu ya akina “children,” ambao ni wengi na hawana s popote: “The children sell.”

Na hii -s yenyewe, kwa taarifa yako, ni mabaki. Kiingereza cha miaka ya 1600 bado kilikuwa na “he goeth” kikishindana na “he goes.” Mikia mingine ikang'oka, huu ukabaki. Laiti nao ungeng'oka tungepumzika.

Njia ya sentensi za nyumbani

Ya pili haina ubao. Unachukua daftari, unaandika sentensi kumi za kweli kuhusu maisha unayoyajua, unazisema kwa sauti mpaka ziteleze, kesho unaongeza tano. Kanuni utazikuta njiani.

Kwa namna inavyofundishwa kwa kawaida, sentensi hizi huanza na “I.” I wake up, I brush my teeth, I go to school. Naliona hili ni kosa, na ndilo jambo kubwa ninalotaka mwanafunzi wangu aondoke nalo. Ukianza na “I” unaweza kumaliza mwezi mzima hujakutana na -s hata mara moja. Mdomo unazoea kitenzi kitupu, na baadaye kuutia mkia ni kama kumfundisha mtu mzima kuandika kwa mkono wa kushoto. Anza na mama yako. Yeye ndiye mwenye -s. Mfuate baba, dada, fundi wa mtaani, ziwa, mto, treni. Wewe mwenyewe jiweke mwisho, hutapata shida: kuivua -s ni rahisi kuliko kuivaa.

Daftari la jirani yangu lilianza hivi, akisimulia, mimi nikimwandikia:

“My mother lives in Ujiji.”
“She sells oil.”
“My brother owns a boat.”
“He eats ugali every night.”
“My daughter goes to school in Mwanga.”

Angalia hiyo ya pili. Mama yake anauza mawese kweli, lakini ningelitafuta neno “oil” hata kama angekuwa anauza kitu kingine. Sababu ni sikio. Maneno yetu ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho ya Kiingereza ama tunaimeza, “she sell,” ama tunaiongezea irabu, “she sellsi.” Ukisema “she sells salt,” s ya mkia inakutana na s ya chumvi, zinaungana, na huwezi kujua kama uliitamka au hukuitamka. Lakini neno linalofuata likianza na irabu, mkia unapata mahali pa kushika: sel-zoil, ow-nza-boat, eat-sugali. Oil, onions, eggs, oranges, ugali. Kwa wiki mbili za kwanza mlishe mama wa kwenye daftari vitu vinavyoanza na irabu. Na ukisikiliza vizuri utaona kwamba kwenye “sells” na “owns” sauti ni z, kwenye “eats” na “works” ni s yenyewe, na kwenye “washes” inakuwa silabi nzima, “woshiz.” Usilikariri hilo, mdomo utajipanga wenyewe.

Njia hii inakufumbulia na upande mwingine ambao jedwali linauficha. Kiswahili hakijali jinsia. Yeye ni yeye. Kwa hiyo unamsikia mtu anasema “my mother, he sells oil,” na hana nia mbaya. Kwenye jedwali he na she wamekaa pamoja kama pacha, huna sababu ya kuwatofautisha. Kwenye sentensi za nyumbani lazima uchague kila mara, maana unamzungumzia mtu aliyekuzaa.

Halafu kuna saa. Sentensi za mazoea haziendi bila saa, na saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi. Jirani yangu huamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mitumbwi inaporudi. Mara ya kwanza alisema “I wake up at eleven,” na mteja angemwona mvivu wa kutupwa. Ni “at five.” Saa kumi na mbili ni “six,” saa moja ni “seven.” Ongeza au punguza sita. Hili si somo la wakati wa kitenzi hata kidogo, lakini litakuangusha kwenye sentensi yako ya kwanza, kwa hiyo lichukue pamoja.

Mapungufu ya njia hii yako wazi. Inataka mtu wa kukusahihisha. Ukiandika kosa peke yako na ukalisema mara mia, umelijengea nyumba. Inachelewa kufika kwenye maswali na ukanushi, kwa sababu maisha yetu tunayasimulia kwa kukubali: mama anauza, kaka anavua. Nani hukaa akisimulia asichokifanya? Tena haikuandai kwa lile swali la mtihani linalokutaka uigeuze sentensi iwe ya kukanusha au ya kuuliza. Mtu anaweza kuzungumza vizuri sokoni na akakwama kwenye karatasi.

Zinapokutana: does

Zote mbili hufika kwenye kizingiti kimoja. “She sells oil.” Uliza: “Does she sell oil?” Kanusha: “She doesn't sell oil.” Mkia uko wapi? Umehamia kwenye “does.” Kosa linalosikika kila kona ni “she doesn't sells,” na mwenye jedwali hulifanya sawa na mwenye daftari. Mpwa wangu nilimweleza kwamba s ni nauli: sentensi inalipa mara moja tu, na kondakta “does” akishaichukua, kitenzi kinapita bure. Akacheka, lakini alinielewa. Jirani hakuhitaji nauli. Yeye nilimwuliza maswali ishirini kuhusu majirani wetu, nusu yake ya uongo: “Does your brother sell cars?” Akawa anakana kwa hasira, “No, he doesn't sell cars, he owns a boat!” Mchezo wa jioni moja ukamaliza kazi.

Kosa jingine la kizingitini ni “I am sell.” Hili lina historia yake, na ukiijua utaliacha. Mtu anaivunja “ni-na-uza” vipande vitatu na kutafuta kipande cha Kiingereza kwa kila kimoja: ni ni “I,” uza ni “sell,” basi -na- lazima iwe “am.” Simpo prezenti haina kipande cha katikati. “I sell,” basi. Ukiacha ile ya -ing ya sasa hivi, “am,” “is” na “are” ziko kwa ajili ya kueleza mtu alivyo au alipo, “I am from Kigoma,” na hizo haziombi msaada wa “do”: “Are you from Kigoma?” wala si “Do you from Kigoma?”

Na “kamwe” nayo. Kwetu huja na kitenzi kilichokanushwa, siendi kamwe. “Never” imeshabeba ukanushi wote peke yake: “I never go.” Ukisema “I don't go never” umekanusha mara mbili. Nafasi yake ni kabla ya kitenzi, pamoja na wenzake “always,” “usually” na “sometimes,” ila kwa “am/is/are” hukaa baada: “She always sells oil,” “She is always late.”

Na simu je?

Kuna watakaosema jedwali na daftari vyote vimepitwa, programu ya simu inatosha. Ninayo moja na ninaitumia nikiwa foleni. Inafaa kwa sikio, inakusomea sentensi mara unazotaka bila kuchoka, na haikucheki. Kwa kuanzia sikuipenda. Sentensi zake ni za msichana anayekula tufaa na mvulana mwenye paka, mtu usiyemjua anayefanya jambo usilolijali, na nyingi ni za kuchagua jibu, siyo za kulitunga. Itumie kuwa ya tatu, baada ya njia mojawapo kati ya hizi mbili kushika.

Nani ashike ipi

Mpwa wangu nimempa jedwali kwanza. Shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili, na sekondari masomo karibu yote yatageuka Kiingereza kwa mpigo, kwa hiyo ataikuta simpo prezenti kila mahali: maji huchemka, mimea hufyonza, mito hutiririka. “Water boils at 100 degrees.” Sayansi na jiografia huandikwa kwa wakati huu, na huko -s haikwepeki kwa sababu maji ni “it.” Anahitaji kuiona nyumba nzima mapema, na anahitaji tahajia. Nilichobadilisha ni kitu kimoja: jedwali lake halina he na she peke yao. Kila mstari una mtu au kitu, “my uncle,” “the Malagarasi,” “my brothers,” “the children.” Nusu ya makosa ya wingi yalikufa hapo. Kwenye madarasa ya kabla ya kidato cha kwanza anakohudhuria wanaimba ule wimbo wa kawaida. Sijamwambia aache, nimemwambia auimbe kuanzia chini kwenda juu.

Jirani nimempa sentensi za nyumbani, na wala sikumwonyesha jedwali mpaka alipoliuliza mwenyewe. Ana wateja, hana mtihani. Akikosea tahajia hakuna atakayejua, akikosea “we dry them on the sand” dhidi ya “we are drying them” mteja anaweza kudhani mzigo haujakauka. Hilo la mwisho si mzaha. “We dry them for two days” ni namna ya kazi yake, “we are drying them” ni kwamba subiri, bado.

Kijana anayetaka kuongoza wageni Gombe au Ujiji namweka katikati, akiegemea sentensi, lakini asianze na nyumbani kwao. Aanze na sokwe. Tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 na kuona sokwe wakivua mchwa kwa majani, habari zao husimuliwa kwa wakati huu: “A chimpanzee makes tools. It puts a stem into the nest. It eats the termites.” Ujiji ni kinyume chake, pale karibu kila kitu ni wakati uliopita, Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, “Stanley met Livingstone.” Anayetaka Ujiji pekee hana haraka na simpo prezenti kama mwenzake wa Gombe, ingawa atahitaji kumwambia mgeni mlango hufunguliwa saa ngapi.

Anayetafuta kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu, awe dereva au mlinzi, akariri sentensi zake ishirini za kazi kabla ya jedwali, na akariri hasa swali lililoniangusha mimi chini ya jua la Ujiji. Kwenye usaili “What do you do?” huja mapema.

Na mwenye Kifaransa, aliyesoma Bujumbura au Kalemie, aende moja kwa moja kwenye jedwali. Amezoea mkia wa kitenzi kubadilika kwa kila mtu, je vends, il vend, nous vendons. Kwake la Kiingereza ni mchezo wa nusu saa. Nguvu zake azipeleke kwenye kutenganisha mazoea na sasa hivi, na hapo hu- yetu itamsaidia kuliko Kifaransa chake.

Kama huna mtu wa kukusahihisha kabisa, hilo linaamua kabla ya mengine yote: chukua jedwali, hata kama una wateja. Baya la jedwali ni uzito wa ulimi, na huo huisha. Sentensi mbovu uliyoikariri peke yako ni kazi ya miezi kuing'oa.

Jirani yangu sasa yuko ukurasa wa kumi na nane. Wiki za giza simpati, anarudi na harufu ya dagaa na usingizi. Mbalamwezi ikianza kukomaa, mitumbwi ikapumzika, ananigongea mlango jioni na kaunta buku kwapani. “Mwanangu, leo tuulizane tena zile za uongo.”